Ngao za marehemu wa Nuremberg: zinachotangaza na zinachonyamazia

Mgeni anayeingia Kanisa la St. Lorenz mjini Nuremberg, kusini mwa Ujerumani, kwa kawaida huvutwa kwanza na sanamu ya Malaika Gabrieli na Bikira Maria, kazi ya Veit Stoss, inayoning'inia kutoka darini. Akiinua macho zaidi ataona kitu kingine: ngao za mbao zilizopakwa rangi na dhahabu, kila moja ikiwa na nembo ya ukoo na maandishi machache. Wajerumani huziita Totenschilde, yaani ngao za marehemu.

Desturi hii ilianza na ngao za vita zenyewe. Shujaa wa tabaka la juu alipofariki, silaha zake zilipelekwa kanisani na ngao yake ikatundikwa karibu na kaburi. Mjini Marburg zimehifadhiwa ngao za karne ya 13 zilizotoka Kanisa la Mtakatifu Elizabeti, mojawapo ikinasibishwa na Konrad wa Thuringia, mkuu wa shirika la mashujaa wa Kitutoni, aliyefariki mwaka 1240. Baadaye mafundi walianza kutengeneza ngao za kumbukumbu tu, ambazo hazikupata kubebwa vitani.

Nuremberg ndiko desturi hiyo ilikoshamiri. Mji huo ulitawaliwa na koo chache za wafanyabiashara matajiri: Tucher, Imhoff, Holzschuher, Haller, Behaim na wenzao. Mzee wa ukoo alipofariki, jamaa waliagiza ngao. Maandishi yake yalikuwa ya mtindo mmoja: mwaka, siku ya kifo iliyohesabiwa kwa sikukuu ya mtakatifu, jina, kisha dua ya kumwomba Mungu amrehemu. Dua hiyo ilikuwa na uzito. Waumini wa zama hizo waliamini kwamba sala za walio hai huisaidia roho iliyoko toharani, kwa hiyo kila aliyesoma jina alikuwa ameombwa kusali.

Lakini ngao zilikuwa pia tangazo la hadhi. Karibu zote ni za wanaume. Wake na mabinti wao hawakupewa nafasi hiyo ukutani. Koo zilishindana kwa ukubwa na mapambo, hata mwishoni mwa karne ya 15 baraza la mji likaingilia kati na kuweka mipaka ya ukubwa na gharama. Mwaka 1521 baraza hilohilo liliandika sheria ya kutaja koo zilizoruhusiwa kucheza dansi katika ukumbi wa mji. Katika mji wa namna hiyo, safu ya ngao za mababu kanisani ilikuwa ushahidi kwamba ukoo ni wa kale na una haki ya kutawala.

Nuremberg ilipopokea mafundisho ya Luther mwaka 1525, imani ya toharani iliachwa, lakini ngao zilibaki. Ulm, mji mwingine wa kusini, uliondoa altare na sanamu katika kanisa lake kuu mwaka 1531, na humo pia ngao za wakubwa wa mji bado zipo ukutani. Nembo ya ukoo haikuwa sanamu ya mtakatifu wa kuabudiwa. Isitoshe, wenye ngao ndio waliokuwa wakiketi barazani.

Nembo zenyewe zina mengi ya kutazamwa. Holzschuher wana kiatu cha mbao, mfano wa mtalawanda. Tucher wana kichwa cha Mwafrika aliyefungwa kitambaa cheupe. Imhoff wana simba wa dhahabu mwenye mkia wa samaki, juu ya rangi nyekundu.

Msomaji wa pwani yetu amkumbuke simba huyo. Mwezi Machi 1505 Francisco de Almeida aliondoka Lisbon na msafara mkubwa wa meli kuelekea India. Sehemu ya mtaji ilitoka kwa wafanyabiashara wa Ujerumani: Welser na Fugger wa Augsburg, pamoja na Imhoff na Hirschvogel wa Nuremberg. Mwezi Julai msafara huo uliiteka Kilwa. Mwezi Agosti ukaivamia Mombasa, ukaichoma moto na kuipora. Balthasar Sprenger, wakala wa Welser, alikuwemo safarini, na taarifa yake ilichapishwa Ujerumani mwaka 1509. Mwaka 1506 meli zilianza kurejea Lisbon zimesheheni pilipili manga na viungo vingine.

Hakuna ngao itakayokusimulia habari hizo. Mtindo wake haukuwa na nafasi ya kueleza mali ilikotoka. Ulimkabidhi marehemu kwa huruma ya Mungu na kuwatambulisha warithi wake, basi. Waliouawa Mombasa mwaka ule hawakuandikiwa popote majina yao kwa dhahabu.

Jumba la Makumbusho la Kijerumani la Nuremberg, lililoanzishwa mwaka 1852, lina mkusanyiko mkubwa wa ngao hizi, na wataalamu wake wamechunguza mbao, rangi na maandishi yake kwa makini. Kazi hiyo inastahili sifa. Inabaki hatua moja: wanahistoria wa Kilwa, Mombasa, Dar es Salaam na Nairobi washirikiane na wenzao wa Nuremberg, na habari za mwaka 1505 ziwekwe mbele ya wageni wanaozuru makanisa na jumba hilo. Ngao hizi zitunzwe kwa uzuri wake na kwa ibada iliyozizaa, lakini zisisomwe bila daftari za biashara za koo zilizozitundika. Historia ya Nuremberg na historia ya pwani yetu zilikutana mwaka ule, na wasomaji wa pande zote mbili wana haki ya kuijua yote.