Sikukuu na Mlango wa Nyumbani

Mjini London, mwezi wa Disemba, jua huzama kabla ya saa kumi jioni, saa ambayo sisi huku Mombasa ndiyo kwanza twatoka kuswali alasiri. Siku ya Krismasi yenyewe treni na mabasi ya mji husimama kutwa, maduka makubwa hufungwa, na kila mtu huwa kwao. Asiye na kwao hujulikana siku hiyo.

Miongoni mwao wamo wapendao jinsia yao, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake. Sheria ya Uingereza ilianza kuwalegezea wanaume mwaka 1967, na tangu 2014 yawaruhusu kuoana. Lakini hakuna sheria imlazimishayo mama kumfungulia mwanawe mlango. Wako wanaopokelewa pamoja na wenzi wao, wakala na mashangazi na wajukuu. Wako waambiwao waje peke yao, na jambo lao walifiche wasimtie babu aibu. Na wako walioambiwa wasirudi tena.

Kwa ajili ya hao, mwaka 1974 wenzao walianzisha simu ya msaada iitwayo Switchboard, katika chumba juu ya duka la vitabu karibu na stesheni ya King's Cross. Wajibuo ni watu wa kujitolea, wenyewe wa hali hiyo hiyo, na hata Krismasi huipokea simu. Mwaka 1989 mjini Manchester kijana wa miaka 16, Albert Kennedy, aliyekuwa ametoroka makao ya watoto, alianguka kutoka juu ya jengo la kuegeshea magari akafa. Mwaka uo huo Bi Cath Hall, mama mlezi, akaanzisha shirika lenye jina la marehemu, kuwatafutia vijana waliofukuzwa kwao chumba, chakula na mlezi.

Msomaji atauliza: haya yatuhusuni? Hukumu ya dini yetu twaijua tangu chuoni, na mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Kenya ilikataa kuifuta sheria ikatazayo. Sikuja kubishana na hayo. Neno langu ni la mzazi. Chuoni humo humo tulisoma habari ya Nabii Nuhu, maji yamefura na mwanawe amekataa kupanda. Baba hakunyamaza, alimwita mwanawe mpaka wimbi lilipowatenga. Tulifundishwa pia kwamba kukata udugu ni dhambi nzito. Mbona hiyo twaisahau upesi?

Nyumba zetu nazo zina jina lisilotajwa siku ya Idi. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, naye aweza kulikataa jambo asimkatae mtoto. Basi Idi ijayo, mwenye mwana aliye mbali na ampelekee salamu, amwekee na sahani. Pilau la nyumbani halimhalalishii mtu jambo. Lamjulisha tu kwamba ana kwao.