Saratani na Masafa: Kutoka Isongole Hadi Ocean Road

Kata ya Isongole iko wilayani Ileje, Mkoa wa Songwe, mpakani na Malawi. Mgonjwa atokaye huko kwenda kutibiwa kwa mionzi katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, husafiri kilomita 50 hivi hadi Mpemba, karibu na Tunduma, kisha nyingine zaidi ya 900 kwa barabara kuu. Masafa hayo yana uhusiano gani na elimu ya viumbe?

Tuichukue saratani ya shingo ya kizazi, inayoongoza miongoni mwa wanawake wa Tanzania. Karibu sikuzote chanzo chake ni virusi vya papiloma viambukizwavyo kwa kujamiiana, ugunduzi uliompatia Harald zur Hausen wa Ujerumani Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Mara nyingi mwili huvishinda virusi hivyo. Vikidumu, seli hubadilika polepole, na huweza kupita miaka 15 hadi 20 kabla ya saratani kutokea. Kwa mwenye VVU asiyetibiwa, miaka 5 hadi 10.

Katika kipindi hicho mwanamke hasikii maumivu. Hata hivyo, muuguzi aliyefunzwa hupaka asidi ya siki iliyozimuliwa, na baada ya dakika moja hivi sehemu yenye kasoro hugeuka nyeupe. Aghalabu sehemu hiyo huweza kugandishwa kwa baridi kali au kuunguzwa kwa joto siku hiyo hiyo, pasipo kuhitaji maabara.

Ugonjwa ukikomaa, mambo hubadilika. Mashine za mionzi huhitaji umeme wa uhakika, kuta nene za zege na wataalamu wa fizikia. Kwa hiyo ziko katika miji michache, kama Dar es Salaam na Mwanza. Tena mionzi hugawanywa katika dozi ndogo ndogo, kwa kawaida siku 5 kwa juma kwa majuma 5 hivi, ili seli zenye afya zipate kujitengeneza baina ya dozi. Hata mionzi ikitolewa bure, mkulima wa Isongole atahitaji nauli, malazi na chakula cha zaidi ya mwezi mmoja. Akikatiza matibabu, seli za saratani zilizosalia huongezeka tena.

Usawa wa tiba, basi, wataka kila kiwezacho kusafiri kimfuate mwananchi kijijini, na mgonjwa asaidiwe kukifikia mapema kile kisichosafiri.

Chanjo husafiri. Tanzania ilianza kuitoa nchini kote mwaka 2018, na mwaka 2024 ilianza kutoa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Shirika la Afya Duniani limeweka lengo kwamba ifikapo 2030 asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa kabla ya kutimiza miaka 15. Lakini wastani wa taifa waweza kuficha mengi: asilimia 10 waliosalia huenda wakawa ni wa kata zile zile za mbali. Mwalimu mwenye daftari la mahudhurio ndiye awezaye kujua ni msichana gani hakuwapo siku ya chanjo.