Pembe Ndefu Si Lazima Iwe ya Mzee

Upande wa mashariki, mashamba ya chai ya Kericho na Bomet yanagota kwenye Msitu wa Mau Kusini Magharibi. Sehemu kubwa ya mpaka huo ni chai vilevile, ule ukanda wa Nyayo ulioanzishwa mwaka 1986 ili kuzuia watu wasizidi kuingia na kukata miti. Nyuma ya ukanda huo bado wamo bongo wa milimani, wanyama wakubwa wa jamii ya mbawala, wenye rangi ya kahawia nyekundu na mistari myeupe ubavuni. Binamu zao wa nyanda za chini wanapatikana Kongo na Afrika Magharibi, lakini hawa wa milimani wamebaki Kenya pekee, na walio huru porini hawafiki 100. Anayebahatika kumwona mmoja humwona kwa sekunde chache kati ya mianzi, na swali la kwanza linalomjia ni lile lile la wawindaji wa tangu hapo: pembe zake zina urefu gani? Nadai kwamba swali hilo limekosewa. Kuisoma pembe ya mnyama aliye hai ni ujuzi wa thamani, ila kwa zaidi ya karne moja umetumiwa kutafuta urefu, na urefu ndicho kitu ambacho pembe inakieleza vibaya kuliko vyote.

Kazi yenyewe ina werevu mwingi. Hakuna awezaye kumkaribia mnyama wa porini na utepe wa fundi cherehani, kwa hiyo mwindaji hutafuta mwilini mwa mnyama kiungo ambacho kipimo chake anakijua, akakigeuza kuwa rula. Magharibi mwa Marekani kuna kulungu aliyepewa jina la baghala kwa ajili ya masikio yake, na masikio hayo ndiyo rula: dume mzima akiyasimamisha kusikiliza, kutoka ncha hii hadi ile ni zaidi kidogo ya nusu mita. Pembe zikiyapita masikio pande zote mbili, mwindaji anajua amekutana na dume mpana. Huku kwetu nyati hukisiwa kwa njia hiyo hiyo, na hata mbawala anayechungulia kutoka vichaka vya mtoni chini ya mashamba ya chai: pembe isiyolizidi sana sikio ni ya kijana, ikilipita mara mbili na zaidi ni ya dume aliyekomaa. Lakini rula hiyo ni ya hila. Masikio yakilazwa nyuma, pembe hupanuka ghafla machoni pa mtazamaji. Mnyama anayeondoka, akionekana kwa kisogo, huonekana mpana kuliko alivyo. Baya zaidi ni mwili wenyewe. Kijana mwembamba huonekana amebeba pembe kubwa kwa sababu kichwa na shingo yake ni vidogo, ilhali mzee mwenye shingo nene na kifua kizito huonekana ana pembe za kawaida tu. Kwa hiyo jicho likikosea, mara nyingi hukosea kwa upande mmoja: linamchagua kijana na kumwacha mzee apite.

Kuna tofauti nyingine ambayo vitabu vya wageni havimsaidii msomaji wa huku kuiona. Pembe ya kulungu ni mfupa mtupu. Huota, hukauka na kudondoka kila mwaka, na ya msimu unaofuata hutegemea umri, chakula na mvua. Ya bongo, kama ya ng'ombe au nyati, ni ala ngumu ya kitu kile kile kinachounda kwato, imevikwa juu ya mfupa ulio hai, wala haidondoki maisha yote. Inakua kutoka shinani, maana yake ncha ndiyo sehemu ya zamani kuliko zote. Ilikuwapo tangu mnyama akiwa ndama. Mnyama akishakomaa, urefu hauongezeki sana, huku ncha zikisagika kwa kusugua miti, kuchimba na kupigana. Dume mzee kabisa anaweza kuwa na pembe fupi kuliko za mwanawe. Bongo naye ana utata wake wa ziada, kwa kuwa jike pia ana pembe. Vitabu huzitaja kuwa za sentimita 75 hadi 99 bila kutenganisha jinsia, kwa hiyo nambari pekee haitoshi hata kusema kama uliyemwona ni dume au jike. Kinachosema ni unene wa shina, jinsi pembe zilivyoachana, maana za jike ni nyembamba na zimesimama karibu sambamba, pamoja na ngozi ya dume inayozidi kuwa nyeusi kadiri anavyozeeka. Mtazamaji aliyezoea huviona vyote kwa pamoja kabla hajafikiria sentimita.

Urefu ulipata heshima yake London. Rowland Ward, fundi wa kukausha ngozi na vichwa vya wanyama, alianza mwaka 1892 kuchapisha kitabu cha rekodi kilichowapanga wanyama kwa inchi za pembe. Sababu haikuwa elimu ya viumbe. Inchi ni rahisi kuthibitisha baada ya mnyama kufa: unafuata kizingo cha pembe kwa utepe, unaandika, unatia sahihi. Umri hauna utepe. Biashara ya safari ikajengwa juu ya kipimo hicho, na waongozaji wa uwindaji waliounda chama chao Nairobi mwaka 1934 walifanya kazi katika ulimwengu ambamo mgeni alitaka kichwa chenye nambari. Serikali ya Kenya ilipopiga marufuku uwindaji mwezi Mei 1977, chama hicho kilivunjwa mwaka huo huo. Hata katika siku zake bora, nambari hiyo ilibaki makisio mpaka mnyama aanguke. Ahmed wa Marsabit, tembo aliyewekewa ulinzi kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta mwaka 1970, alitazamwa na kupigwa picha pengine kuliko tembo yeyote wa wakati wake. Lakini uzito wa pembe zake, kilo 67 kila moja, ulijulikana alipokufa mwaka 1974 zikawekwa kwenye mizani.

Madhara ya kuchagua kwa urefu hayaishii kwenye makosa ya jicho. Katika mlima mmoja wa Alberta, Kanada, watafiti walifuatilia kondoo mwitu kwa takriban miaka 30, na mwaka 2003 wakaeleza kwamba pembe za madume zilikuwa zikipungua kizazi baada ya kizazi. Sheria ya pale iliruhusu kumpiga dume ambaye pembe yake imefika mzingo fulani. Wale waliokuwa wepesi wa kukuza pembe waliufikia mzingo huo wakiwa bado vijana, wakapigwa kabla hawajazaa vya kutosha, na wenye pembe ndogo wakabaki kuwa mababa. Wapo wataalamu waliobisha kwamba chakula na hali ya hewa vilichangia kuliko ilivyodaiwa, na ubishi huo ni wa haki. Gorongosa, Msumbiji, kulikuwa na mauaji makubwa zaidi: wakati wa vita vya 1977 hadi 1992 tembo waliuawa kwa ajili ya pembe, na miongoni mwa majike sehemu ya wasio na pembe ikapanda kutoka chini ya moja kati ya tano hadi karibu nusu. Huo ulikuwa ujangili, si uwindaji wa leseni. Nautaja kwa sababu kanuni iliyofanya kazi ni moja: ukiondoa wenye pembe kubwa kila mara, kinachobaki ndicho kinachozaa.

Sasa tazama kinachotokea swali likibadilishwa. Mwaka 2004 watafiti wa simba, wakitumia takwimu za Serengeti, walionyesha kwamba kama ni madume wenye umri wa miaka mitano au sita na kuendelea pekee wanaopigwa, kundi halidhuriki sana, kwa kuwa watoto wa madume hao wameshavuka utoto. Tena umri huo unaweza kusomwa kwa darubini: pua ya simba, ya rangi ya waridi akiwa mdogo, hujaa madoa meusi kadiri miaka inavyopita. Tanzania, ambako uwindaji wa kitalii unaruhusiwa, ikaweka miaka sita kuwa umri wa chini. Wafanyabiashara watasema kanuni hiyo ni ngumu, kwamba pua haionekani vizuri alfajiri na mteja aliyelipa fedha nyingi hawezi kurudi kwao mikono mitupu. Kwangu hiyo ndiyo faida yake. Asiyeweza kuisoma pua anaambiwa na kanuni aache, wakati manyoya marefu ya shingoni yanamwambia apige.

Kuna pingamizi lenye uzito zaidi, nalo linatoka kwa tembo. Pembe za tembo hukua maisha yote, kwa hiyo kubwa kwa kawaida ni ya mzee, na mtu anaweza kuuliza kama urefu na umri si kitu kimoja hapo. Tanzania inaruhusu kupiga tembo ambaye pembe yake ina kilo 20 au sentimita 160, na kanuni hiyo inaonekana kuwalinda vijana. Inawalinda kweli. Tatizo ni kwamba utafiti wa miaka mingi Amboseli umeonyesha madume wenye zaidi ya miaka 40 ndio wanaozaa kwa wingi. Simba wa miaka sita amekwisha kulea kizazi kimoja. Tembo wa miaka 40 ndiyo kwanza yuko kazini. Madume wenye pembe nzito waliozoeleka upande wa Kenya walipouawa upande wa pili wa mpaka mwaka 2023 na 2024, mabishano yaligeukia leseni na mipaka. Naona swali la msingi lilikuwa la umri: mnyama huyu, katika umri huu, kundi bado linamhitaji kiasi gani? Sentimita 160 hazina jibu.

Msomaji wa Konoin au Londiani anaweza kuuliza haya yote yanamhusu nini, maana kwake hakuna leseni wala mteja. Sheria ya wanyamapori ya 2013 ilipopitishwa iliweka faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo cha maisha kwa makosa yanayohusu wanyama walio hatarini kutoweka. Lakini bongo hafi sana kwa bunduki. Anakufa kwa kitanzi cha waya kilichotegewa mbawala au paa, na kitanzi hakichagui. Ndiyo maana woga kwamba kufundisha usomaji wa pembe kutawanoa majangili haunishawishi: mtega waya hakisii chochote, hurudi asubuhi kuona kilichonasa. Wanaohitaji ujuzi huu ni askari wa KWS, walinzi wa misitu na skauti wa vijiji. Tangu 2004 kuna mradi wa kuwafuatilia bongo kwa nyayo na kwa kamera zinazofungwa kwenye miti, na mistari ya ubavuni, ambayo haifanani kwa wanyama wawili, huwezesha kumtambua kila mmoja. Kamera ikishasema ni yule yule wa juzi, bado anatakiwa mtu wa kusema ni dume wa rika gani, au ni jike aliyekwisha kuzaa. Penye wanyama wachache namna hii, tofauti hiyo ni kubwa. Mwaka 2025 bongo 17 waliletwa kutoka Florida kwenda Mlima Kenya ili kuongeza uzao. Kama siku moja watafikiriwa kwa ajili ya Mau, atakayeulizwa kwanza ni yule anayejua msituni wamebaki madume wangapi wa kuzaa.

Wengine watanikumbusha kwamba ni wawindaji waliowapunguza bongo, na kwamba kuuenzi ujuzi wao ni kusahau. Uwindaji ulichangia, sikatai. Ila mwaka 2001 Serikali iliondoa zaidi ya hekta 22,000 katika Mau Kusini Magharibi, kazi ambayo mishale ya miaka mingi isingeweza kuifanya. Na Ogiek, watu wa msitu huo ambao Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iliamua tarehe 26 Mei 2017 kwamba haki zao zilikiukwa walipofukuzwa, ni hodari wa kusoma nyayo, mti uliosuguliwa na jani lililong'atwa. Mradi wa kuhesabu bongo usiowaweka mbele unaanza kazi ukiwa umefumba jicho moja. Daftari la doria lililobuniwa pamoja nao lingeuliza mambo matatu kuhusu pembe: shina ni nene kiasi gani, ncha ni kali au zimesagika, zimesimama sambamba au zimeachana. Kisha rangi ya ngozi, na ndama kama yupo. Urefu uandikwe mwisho, pakibaki nafasi.