Siku, Maji na Mwanga: Namna ya Kuongoza Mchezo wa Msituni

Dungeons & Dragons ni mchezo wa mezani uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kutolewa Marekani mwaka 1974. Hauhitaji kompyuta. Watu wanne au watano wanakaa pamoja, na mmoja wao anakuwa msimulizi: anaeleza mahali, anawasemea wenyeji na maadui, na anashika kanuni. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, na penye shaka dadu huamua. Vikao vikifuatana kwa miezi kadhaa na wahusika walewale, hiyo ndiyo kampeni. Ninaandika kwa ajili ya yule anayetaka kuongoza kampeni ya kupenya msitu mnene, kuyafikia magofu yaliyosahaulika, kisha kushuka chini yake. Ni aina inayoanza kwa shangwe na, nionavyo, ndiyo inayovunjika katikati kwa urahisi kuliko zote.

Mfano mzuri ni Tomb of Annihilation, kitabu cha mwaka 2017. Kinatupeleka Chult, rasi yenye msitu mkubwa, dinosaria na wafu wanaotembea. Kila aliyewahi kufufuliwa ameanza kunyauka kwa laana, na roho za wanaokufa sasa zinanaswa na chombo kilichofichwa kaburini, chini ya mji uliopotea wa Omu. Wahusika wanaanzia Port Nyanzaru, bandari inayotawaliwa na wafanyabiashara wakuu 7, wakiwa na ramani ambayo sehemu yake kubwa ni tupu.

Ramani hiyo imegawanywa kwa pembesita zilizoshikana kama sega la nyuki. Mtindo huu ni wa zamani. Kanuni za 1974 ziliwaelekeza wachezaji watumie kwa safari za nyikani ubao wa mchezo mwingine, Outdoor Survival, uliotolewa na kampuni ya Avalon Hill mwaka 1972. Mwaka 1981 David Cook na Tom Moldvay wakatunga The Isle of Dread, kisiwa cha msitu chenye pembesita za maili 6. Huko Chult pembesita moja ni maili 10, yaani kilomita 16. Kundi linalotembea kwa mwendo wa kawaida hupita moja kwa siku. Kwa mtumbwi mtoni, mbili.

Msimulizi mgeni hunasa hapa. Kitabu kinamtaka atupe dadu ya pande 20 mara tatu kwa kila siku ya safari. Ikitoka 16 au zaidi, kuna jambo linawatokea. Kila mara uwezekano ni robo, kwa hiyo siku moja ina takriban asilimia 58 ya kuleta angalau tukio moja. Safari ya siku 20 ni kutupa dadu mara 60 na kupata, kwa wastani, matukio 15. Pigano moja huweza kumeza saa nzima ya kikao. Wachezaji watapigana na dinosaria, walale, waamke, wapigane tena, na baada ya wiki nyingi hakuna atakayekumbuka walikuwa wanakwenda wapi. Msitu utakuwa umegeuka foleni ya mapigano.

Dadu haifanyi safari. Safari hufanywa na uamuzi ambao gharama yake mchezaji anaijua kabla hajailipa. Gharama za msituni ni siku na maji. Za kaburini ni mwanga. Msimulizi akizishika hizo tatu, hana haja ya kuongeza mazimwi.

Tuanze na maji. Kwa joto la Chult kila mtu anahitaji galoni 2 kwa siku, takriban lita 7.5. Watu wanne wakisafiri siku 10 wanahitaji lita 300, yaani kilo 300. Katika misafara ya kale ya kutoka Bagamoyo kwenda bara, mpagazi alibeba kama frasila mbili, kilo 30 na kidogo. Kwa maji peke yake, basi, wanatakiwa wapagazi 10, na wapagazi nao wana kiu. Waache wachezaji waifanye hesabu hiyo wenyewe, sokoni, kabla hawajaondoka. Ndipo watakapolithamini turubai la kukinga mvua linalouzwa Port Nyanzaru, ambalo hubeba galoni 8: matumizi ya watu wanne kwa siku moja, kama mvua itanyesha. Ndipo pia mto utakapoacha kuwa mchoro wa buluu. Ukiufuata unakwenda haraka na una maji, ila maji yasiyochemshwa ya Chult yana ruba wanaoshika kooni, na kingoni mwa mto ndiko kila kiumbe kinakokuja kunywa.

Mjuzi wa kanuni atanikatiza hapa: kasisi wa ngazi ya kwanza ana uganga wa kuumba galoni 10 za maji papo hapo. Kweli anao. Uganga huo una bei, kwa sababu akiutumia kwa maji hatautumia vitani. Lakini kanuni zinasema usingizi wa saa 8 humrudishia kila mtu nguvu zote, na kwa kuwa siku ya msituni huwa na pigano moja au haina kabisa, bei hiyo haionekani. Ninachofanya, na ninakisisitiza kuliko shauri lolote jingine hapa, ni kubadili kanuni ya mapumziko. Usingizi wa porini ni usingizi tu. Nguvu zote hurudi mahali salama pekee: bandarini, katika kambi ya askari ya Camp Vengeance, au Kir Sabal kwa watu-ndege wa mlimani. Badiliko hilo moja hufanya wiki nzima ya safari kuwa pambano moja refu. Kidonda cha Jumatatu kinauma mpaka Ijumaa, na swali la kurudi nyuma au kusonga mbele linakuwa swali la kweli. Mwambie kila mchezaji kabla kampeni haijaanza, asije akajiona amedhulumiwa.

Kuhusu matukio, mimi huyatupia dadu nyumbani, kabla ya kikao, kisha nayapunguza. Mengi nayageuza dalili: nyayo zenye maji bado, moshi juu ya miti, kambi iliyoachwa na sufuria ikiwa ya moto. Dalili humpa mchezaji nafasi ya kuchagua, ilhali shambulio la ghafla humwachia kurusha dadu tu. Zile siku zisizo na kitu zipite kwa sentensi mbili. Kila asubuhi wape njia zinazotofautiana kwa jambo wanaloliona. Katika msitu wa Kongo tembo hufyeka njia zao wenyewe kuelekea kwenye miti ya matunda na mbuga ndogo zenye chumvi, na njia hizo hupitika vizuri kuliko pori. Weka njia kama hiyo kwenye ramani yako. Ni nyepesi kwa miguu, haiendi hasa wanakotaka, na wenye njia wapo.

Kuna jambo jingine linalonigusa kama msomaji wa pwani hii. Michezo ya namna hii imerithi hadithi za wavumbuzi wa karne ya 19. Wengi wetu tumesoma Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya riwaya ya H. Rider Haggard ya mwaka 1885, na tunaifahamu picha yake: mgeni shujaa, nchi inayongoja kugunduliwa, wenyeji nyuma na mizigo. Chult yenyewe imelaumiwa kwa kuichanganya Afrika nzima ndani ya sufuria moja. Lawama hiyo ni ya haki, na dawa yake, yaani kumweka mwenyeji mbele, huufanya mchezo kuwa bora pia. Sidi Mubarak Bombay, Mwafrika aliyeongoza misafara, alikwenda na wavumbuzi Burton na Speke, tena na Speke na Grant, kisha na Stanley, na baadaye akavuka bara pamoja na Cameron mpaka Atlantiki. Kila mzungu kati ya hao alikuwa na safari zake, lakini mtu aliyekuwamo katika zote hizo ni Bombay. Mpe kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, wa kampeni yako uzito huo. Awe na madeni, jamaa katika kijiji kimoja, uadui na kijiji cha pili, na sababu yake mwenyewe ya kutaka au kutotaka Omu ifikiwe.

Pia weka hongo. Misafara ililipa ushuru huo kwa kila mtawala ambaye nchi yake ilipitwa, na majadiliano yake yaliweza kuchukua siku kadhaa. Atakayeongoza mchezo huu kwa Kiswahili asome Safari za Wasuaheli, simulizi za wasafiri wa pwani zilizokusanywa na Carl Velten na kuchapishwa 1901, ajifunze namna mazungumzo hayo yalivyokwenda. Kikao kimoja cha kujadili vitambaa na shanga, huku maji yakipungua, kina msisimko kuliko dinosaria wa kumi.

Omu ikipatikana, kazi inabadilika sura. Katika madhabahu 9 za miungu ya mji zimefichwa funguo za kaburi, na wahusika hawazitafuti peke yao. Kaburi lenyewe lina ngazi 6, na mwenyewe ni Acererak, mchawi aliyekataa kufa ambaye Gygax alimtumia katika Tomb of Horrors, lililochezwa mashindanoni mwaka 1975 na kuchapishwa 1978. Humo mitego huua. Kanuni yangu ni kwamba hakuna mtego wa kuua usio na dalili: vumbi lililokosekana mahali pamoja, mfupa uliokatwa sawasawa, upepo unaotoka ukutani. Mchezaji anayekufa baada ya kuipuuza dalili atasikitika, na atarudi kikao kijacho. Anayekufa bila dalili atajifunza kugonga kila jiwe kwa fimbo, na mchezo utasimama.

Hapo ndipo mwanga unapohitajika. Kanuni za 1981 zilihesabu muda wa chini ya ardhi kwa zamu za dakika 10. Mwenge ulidumu zamu 6, zamu moja katika kila 6 ilikuwa ya kupumzika, na kila zamu mbili msimulizi alitupa dadu ya pande 6. Ikitoka 1, kuna kitu kinapita. Kupekua chumba kulikula zamu, kwa hiyo tahadhari ilikuwa na bei. Kanuni za 2014, ambazo kitabu hiki kinazifuata, hazina utaratibu huo, na kaburi hili linauhitaji sana. Urudishe. Chora visanduku 6 kwenye karatasi mbele ya wachezaji wote na ufute kimoja kila zamu inapopita. Utaona wanavyoanza kuulizana kwa sauti ya chini kama mlango ule unastahili kisanduku.

Kasoro kubwa ya kitabu ni saa yake. Mwanamke anayewatuma wahusika anakufa kidogo kidogo kila siku, na wachezaji wenye huruma hukataa kugeuka popote. Wanapita mbali na mahali pazuri kabisa pa Chult kwa kuwa kila siku ya kando ni siku wanayomnyang'anya mgonjwa. Mimi huanza bila laana. Wiki za kwanza wanatafuta mambo madogo, wanapata marafiki bandarini, wanajifunza msitu. Laana inafika wakiwa tayari wanajua njia mbili tatu na wana mtu wa kumlilia.

Na kwa kuwa baada ya hapo hakuna kufufuka, kila mchezaji aandike mhusika wa pili tangu siku ya kwanza na amweke ndani ya msafara: mpishi, mpagazi, mpwa wa kirangozi. Wa kwanza akianguka ngazi ya tatu ya kaburi, wa pili yuko juu mlangoni na taa, anawajua wote kwa majina, na kikao kinaendelea usiku uleule.