Hati fungani za kijani zataka wataalamu wa aina mpya

MWEZI Mei 2024 hati fungani ya kijani ya Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Tanga iliorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Mamlaka ilitaka Sh. bilioni 53.12, wanunuzi wakaleta Sh. bilioni 54.72. Riba ni asilimia 13.5 kwa mwaka, hulipwa kila baada ya miezi sita, na muda wake ni miaka kumi. Kwa mwekezaji mdogo hesabu ni nyepesi: kila Sh. milioni moja ya mtaji ambayo haijarudishwa inazaa Sh. 67,500 kila nusu mwaka.

Swali atakalouliza mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo ni kwamba fedha hizo za riba zinatoka wapi. Jibu la haraka ni ankara za maji. Wateja wa Tanga wanalipa, mamlaka inakusanya, mwenye hati fungani anapata chake. Lakini maji hayo yanatoka bwawa la Mabayani, bwawa linajazwa na mto Zigi, na mto Zigi unashuka kutoka misitu ya Amani katika Usambara Mashariki. Msitu ukikatwa huko juu, tope linateremka bwawani, gharama ya kusafisha maji inapanda, na faida inayolipa riba inapungua. Kwa maneno mengine, sehemu ya dhamana ya hati fungani hii ni miti ambayo haimo katika mizania ya mamlaka. Wakulima wa bonde hilo wana umoja wao wa kuhifadhi vyanzo vya maji, UWAMAKIZI, na mkulima anayeacha kulima hadi ukingoni mwa mto anamlinda mwekezaji aliye Dar es Salaam, ingawa hawajuani.

Nani basi anayeweza kumweleza mkulima mambo ya riba, na kumweleza dalali wa hisa mambo ya tope? Hapo ndipo penye upungufu. Mamlaka ya Tanga ilipata msaada wa kitaalamu kutoka Mfuko wa Umoja wa Mataifa wa Maendeleo ya Mitaji, kwa sababu kuandaa waraka wa hati fungani si kazi ya mhandisi wa mabomba. Vyuo tunavyo. Mweka, kilichoanzishwa 1963, kinajulikana Afrika nzima kwa wanyamapori, Olmotonyi kwa misitu, na Chuo cha Usimamizi wa Fedha kwa uhasibu na benki. Mhitimu wa huku na mhitimu wa kule hukutana mara chache, na wakikutana kila mmoja huona mwenzake anazungumza mafumbo. Mwandishi wa makala haya alisoma biashara miaka mitatu, na msitu aliukuta darasani mara moja tu, ukiwa umeshageuka mbao katika hesabu ya bidhaa zilizobaki ghalani.

Wenzetu wa Marekani walilitambua pengo hili mapema. Chuo Kikuu cha Yale kimekuwa mwenyeji wa kozi fupi ya wiki moja ya fedha za hifadhi, ambayo wanafunzi wake ni watu walio kazini tayari: maofisa wa mashirika ya hifadhi ya ardhi, wa serikali, wa mabenki na wa mifuko ya uwekezaji. Hawaendi kufundishwa kupenda ndege na miti. Wanajifunza kupanga mtiririko wa fedha, kutafuta mkopo wa muda mfupi wa kununua ardhi kabla mjenzi hajaifikia, na kujua nani atalipa deni hilo baadaye.

Mfano mzuri wa biashara ya namna hiyo ni kampuni ya Lyme Timber ya New Hampshire, iliyoanza 1976. Kampuni hii hununua msitu mkubwa kwa fedha za wawekezaji. Kisha hutenganisha haki zilizomo ndani ya ardhi ile, kama mchinjaji anavyotenganisha nyama na ngozi. Haki ya kujenga nyumba na kukata viwanja huiuzia serikali au shirika la hifadhi, na haki hiyo inazikwa milele kwa mkataba unaofuata ardhi hata ikibadili mmiliki. Haki ya kuvuna mbao kwa kiasi inabaki. Mwekezaji anarudishiwa sehemu ya mtaji mapema, mbao zinaleta mapato ya kila mwaka, na mwisho ardhi yenyewe inauzwa. Mwenye ardhi anayetoa haki ya kujenga kama zawadi anaweza kupata nafuu ya kodi ya mapato ya serikali kuu. Msitu unabaki msitu, na kuna watu wamepata faida halali.

Hata hivyo, atakayetoka Yale na kuja na karatasi hiyo Morogoro atakwama siku ya kwanza. Hapa ardhi yote ni mali ya umma, na Rais ni mdhamini wake. Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za 1999, zinampa mtu haki ya kumiliki na kutumia, si udongo wenyewe. Huwezi kuuza kilichotenganishwa kwa mtindo wa Lyme. Kwa hiyo mafunzo ya kuiga hayatoshi. Anahitajika mtu anayejua fedha za hifadhi na pia anajua mkutano mkuu wa kijiji unaamuaje.

Na inawezekana, kwani Yaeda imefanyika. Wahadzabe wa bonde hilo, mkoani Manyara, walipata hatimiliki ya kimila ya pamoja 2011. Kwa kuwa ardhi ilikuwa na mwenyewe anayejulikana, kampuni ya Carbon Tanzania iliweza kuuza nje hati za kaboni zinazotokana na miti isiyokatwa, chini ya viwango vya Plan Vivo, na jamii ikapata mapato. Angalia mpangilio wake: kwanza hati ya ardhi, kisha upimaji wa miti, kisha mnunuzi. Wanaoanza na mnunuzi ndio wanaoletea vijiji mikataba ya miongo kadhaa isiyosomeka. Tangu 2022 nchi ina kanuni za biashara ya kaboni, na Kituo cha Taifa cha Kuratibu Kaboni kipo Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Lakini kanuni hazimsomei mwenyekiti wa kijiji mkataba.

Visiwa vya Shelisheli vinatuonyesha mtaalamu mmoja mzuri anaweza kuokoa kiasi gani. Oktoba 2018 serikali yao iliuza hati fungani ya bahari ya dola milioni 15, kwa miaka kumi, riba asilimia 6.5. Benki ya Dunia ikatoa dhamana ya sehemu ya deni, na mkopo nafuu wa Mfuko wa Mazingira wa Dunia ukasaidia kulipa riba. Mzigo halisi wa serikali ukashuka hadi takriban asilimia 2.8. Piga hesabu: badala ya dola 975,000 kwa mwaka, ni kama dola 420,000. Tofauti hiyo haikutoka kwa samaki. Ilitoka kwa watu waliojua dhamana gani iombwe, wapi, na kwa maneno gani.

Kwa msomaji wa ukurasa huu, jambo hili si la wapenda mazingira peke yao. Benki ya CRDB ilipouza hati fungani yake ya Kijani 2023 ilitaka Sh. bilioni 40 na ikapewa Sh. bilioni 171.83, zaidi ya mara nne. Fedha zipo na hamu ipo. Hatari ni kwamba neno kijani sasa linauza, na kila anayetaka mkopo atalibandika kwenye waraka wake. Kabla ya kutoa Sh. laki tano zako, muulize dalali mambo matatu. Mapato yanayolipa riba yanatoka kwa nani? Chanzo cha mapato hayo kinalindwa na nani, na je, analipwa? Nani asiye mwajiriwa wa mkopaji atakayekagua kwamba fedha zilikwenda zilikoahidiwa?

Kama dalali anababaika katika swali la pili, usimkasirikie sana, huenda hakufundishwa. Lakini fedha zako ziache mfukoni mpaka apatikane anayejua.