Paa husukuma kuta nje lisipofungwa vyema

WENYE nyumba wengi huamini kwamba uzito wa paa hushuka wima hadi kwenye kuta na kuishia katika msingi. Ukweli huo haujakamilika. Paa la pande mbili husukuma kuta kuelekea nje pia, na msukumo huo ndio huzaa nyufa nyingi zinazoonekana karibu na dari.

Makombamoyo, yaani mbao za mshazari zinazobeba mabati, hukutana kileleni mithili ya miguu ya mtu aliyeitanua kwenye sakafu yenye utelezi. Mzigo ukizidi, nyayo huteleza. Kinachozizuia ni ubao wa chini wa kenchi, unaotoka ukuta mmoja hadi wa pili. Ubao huo haubebi dari pekee, bali huvutwa pande zote mbili kama kamba.

Ukubwa wa msukumo hutegemea mwinamo wa paa. Mathalan, katika nyumba yenye upana wa mita 6, ambapo kila jozi ya makombamoyo hubeba kilo 400 zilizoenea sawasawa, paa likiinuka mita 1.5 kila ukuta husukumwa kwa nguvu ya takriban kilo 200. Likishushwa hadi sentimita 75 ili kuokoa mbao, msukumo hufikia kilo 400. Aidha, anayeondoa mabati na kuezeka vigae vya udongo huongeza mzigo, kwani vigae huweza kuzidi kilo 40 kwa kila mita mraba ilhali mabati ni kilo chache tu.

Hatari kubwa hutokea mwenye nyumba anapotaka chumba darini. Fundi hukata mbao za chini, au huzipandisha ili watu wasigonge vichwa. Ubao ukipandishwa hadi nusu ya kimo cha paa, hulazimika kuhimili nguvu maradufu, huku makombamoyo yakipinda. Ndiyo maana inashauriwa usipite theluthi ya chini ya kimo hicho.

Suluhisho mojawapo ni boriti za kiwandani, zinazoundwa kwa vipande vya mbao vilivyounganishwa kwa gundi, zikiwemo zile zenye umbo la herufi I. Hazipindi kwa urahisi zinapokauka, na huvuka nafasi pana bila nguzo katikati. Boriti moja huweza kubeba sakafu ya chumba cha juu na papo hapo kuzuia kuta zisitanuke.

Hata hivyo, kuna masharti. Kwanza, boriti zilazwe kufuata mkondo wa makombamoyo. Zikikingamana nayo hazifungi chochote. Pili, boriti zinapounganishwa juu ya ukuta wa kati, kiungo hicho kiwe na nguvu sawa na viungo vya kwenye ncha. Tatu, idadi ya misumari au bolti ihesabiwe na mhandisi, kwa kuwa mara nyingi kiungo huachia kabla ya ubao kukatika. Isitoshe, kingo za juu na chini za boriti ya umbo la I zisichongwe kamwe ili kupitisha nyaya au mabomba.

Dalili za paa linalosukuma ni mgongo wake kubonyea katikati, nyufa za mlalo juu ya linta na ukuta kuinama nje. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika suala hili, plasta pekee haitoshi. Sharti paa lifungwe kwanza.