Pampu ya Oili na Mteremko wa Bugarama

Ukipeleka Yamaha DT125 kuukuu kwa fundi hapa Bujumbura, hasa iliyolala uani kwa muda mrefu, huenda ukapewa ushauri huu kabla hujamaliza maelezo yako: tuing'oe pampu ya oili, tuzibe tundu lake, na kuanzia leo uchanganye oili na petroli mwenyewe ndani ya tangi. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema na una sababu zake. Hata hivyo naupinga. Namsihi kila anayefufua pikipiki ya aina hiyo nyumbani asiufuate kabla hajaelewa kazi ya pampu hiyo wakati pikipiki inashuka kutoka Bugarama.

Tuanze na mashine yenyewe. DT125 na ndugu yake AG100 zimewahudumia maafisa kilimo, wahudumu wa afya, misheni na mashirika ya misaada katika nchi za Maziwa Makuu. Ukoo wa DT ulianza mwaka 1968 na DT-1, pikipiki iliyotengenezwa kwa ajili ya njia mbovu. AG100 iliundwa kwa ajili ya mashamba, ndiyo maana mnyororo wake umefunikwa wote usipate tope. Zote mbili zina injini ya mipigo miwili: haina vali za kufunguka na kufungwa kichwani, haina kamshafti wala mnyororo wa taimingi. Mtu mwenye spana chache, bisibisi nzuri na mkeka safi anaweza kuifungua silinda kabla ya adhuhuri. Kwa anayependa kujifunza ufundi nyumbani, sijui injini inayomfundisha mtu upesi kuliko hii.

Uchache wa vipuri una gharama yake. Katika injini ya mipigo minne, oili hukaa chini, huzungushwa, hurudi, na hutumika tena. Katika mipigo miwili, chumba cha krankishafti kina kazi nyingine: huvuta mchanganyiko wa hewa na petroli kutoka kabureta na kuusukuma juu ya pistoni. Oili haiwezi kutuama humo. Inabidi iingie pamoja na mchanganyiko, ilainishe beringi na pistoni ikiwa njiani, kisha iungue na kutoka kwa bomba la moshi. Oili ikikosekana hata kwa muda mfupi, hakuna akiba ya kuokoa chochote.

Zamani watu walichanganya oili ndani ya tangi. Mwaka 1964 Yamaha walileta mfumo walioupa jina Autolube: tangi dogo la oili peke yake, na pampu inayoendeshwa na krankishafti. Pampu hiyo hufuata mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, kasi ya injini, kwa sababu krankishafti ndiyo inayoizungusha. Pili, kiasi cha eksileta, kwa sababu waya wa eksileta una tawi linalofika kwenye pampu na kuongeza au kupunguza kipimo cha oili. Ukienda polepole, oili huwa kidogo na moshi huwa mdogo. Ukikaza mwendo, oili huongezeka.

Sasa tuingie barabarani. Bujumbura iko mita 780 hivi juu ya usawa wa bahari, na Bugarama iko karibu mita 2,200. Kati ya sehemu hizo kuna takriban kilomita 35 za barabara kuu RN1, kona juu ya kona. Wakati wa kupanda, kila mtu huiwazia injini yake. Wakati wa kushuka huisahau, ilhali hapo ndipo penye hatari. Dereva amefunga eksileta, yuko gia ya tatu, na uzito wa pikipiki unaizungusha injini kwa kasi kubwa. Kwa kuwa eksileta imefungwa, petroli inayoingia ni kidogo sana. Kama oili imechanganywa na petroli hiyo, nayo huingia kidogo vivyo hivyo. Pistoni inakwenda juu na chini maelfu ya mara kwa dakika, ikiwa bado na joto la mwendo wa awali, na utando wa oili ukutani mwa silinda unazidi kuwa mwembamba. Mwisho wake ni pistoni kukamata. Gurudumu la nyuma hufunga ghafla, katika barabara ambayo malori na baiskeli zenye mikungu ya ndizi zinateremka pamoja nawe.

Pampu ikiwapo, injini inayozunguka kwa kasi huizungusha nayo. Hata eksileta ikiwa imefungwa, pampu ina kipimo cha chini kabisa ambacho haiachi kukitoa. Kiasi hicho ni kidogo, lakini huendelea kufika muda wote wa mteremko. Ndiyo sababu yangu ya kuitetea.

Mwenye pikipiki ambayo pampu yake imekwisha kutolewa asikate tamaa. Achanganye mililita 200 za oili ya mipigo miwili kwa kila lita 5 za petroli, na akiwa mteremkoni afungue eksileta kidogo kila baada ya muda mfupi ili injini inywe. Akiweza, avute klachi mara kwa mara na kutegemea breki zote mbili. Oili ya injini ya gari isitumiwe: haikuundwa kuungua, na huacha masizi yanayoziba tundu la moshi la silinda.

Mafundi wana hoja zao, na nimezisikiliza kwa heshima. Wanasema tangi la oili huisha bila mwenyewe kujua, mabomba ya plastiki hukakamaa na kupasuka, na pampu iliyofunguliwa huingia hewa ikaacha kusukuma. Yote hayo ni kweli. Lakini kila moja hurekebishika nyumbani kwa gharama ndogo. Bomba jipya angavu huonyesha kama oili inatembea. Hewa hutolewa kwa kulegeza skrubu ndogo iliyo kwenye pampu hadi oili itoke bila mapovu. Baada ya hapo, washa injini ikiwa na petroli iliyochanganywa na oili, iache ingurume polepole, na uvute waya wa pampu hadi mwisho kwa mkono. Moshi ukizidi kuwa mzito, pampu inafanya kazi. Hakikisha pia alama iliyo kwenye gurudumu la pampu inakutana na alama yake kama kitabu cha pikipiki kinavyoelekeza, maana waya uliolegea hupunguza oili kimyakimya. Tangi la kwanza baada ya matengenezo litumie vyote viwili, pampu na mchanganyiko. Moshi utakuwa mwingi siku hizo, uvumilie.

Asiyetaka kabisa shughuli hii atafute Honda CG125. Honda walianza kuitengeneza mwaka 1976 wakiwafikiria watumiaji wa nchi ambako matengenezo huchelewa. Ina mipigo minne, vali zake husukumwa na fito, na kamshafti huendeshwa na meno ya gia pasipo mnyororo. Injini nyingi za Kichina ni nakala yake, kwa hiyo vipuri hupatikana. Pima nafasi ya vali injini ikiwa baridi, milimita 0.08, badilisha oili, na itakubeba miaka. Ni mashine ninayoiheshimu sana, ingawa haifundishi mambo mengi kama DT.

Turudi uani. Katika miaka hii, pikipiki za Bujumbura huharibiwa zaidi na kusimama kuliko kutembea. Machi 2022 pikipiki za abiria zilizuiwa kuingia katikati ya mji, na mwaka 2024 uhaba wa mafuta ulifanya vyombo vingi vilale wiki nzima. Petroli iliyobaki kwenye bakuli la kabureta huvukiza na kuacha utando wa kahawia unaoziba jeti, kitundu kinachopimia petroli. Watu wengi huizibua jeti kwa waya wa chuma. Tafadhali usifanye hivyo. Tundu lile limepimwa kwa sehemu za mia za milimita, na waya huliongeza bila jicho kuona. Iloweke, ipulize kwa hewa, na ikibidi pitisha uzi mmoja wa nailoni. Petroli ya bidoni nayo huwa na maji. Iweke kwenye chupa angavu itulie: maji hukaa chini na mpaka wake huonekana wazi. Kazi hii ifanywe mbali na jiko la makaa, na mbali na watoto.

Pikipiki iliyonunuliwa Gitega au Muramvya inahitaji uangalifu wa ziada. Hewa ya juu ni nyepesi. Kati ya Bujumbura na Bugarama shinikizo lake hushuka kwa karibu asilimia 15, kwa hiyo petroli huzidi na plagi (buji, kama tunavyosema mjini) huwa nyeusi. Fundi wa huko mara nyingine huweka jeti ndogo ili injini ipumue. Ukiileta chini Bujumbura ikiwa hivyo, petroli hupungua kuliko hewa, plagi huwa nyeupe na pistoni hupata joto la kupita kiasi. Soma namba ya jeti kabla ya safari ya kwanza. Kwa aliye mjini anayepanda mara mojamoja, namshauri aache kabureta kama ilivyopangwa kwa Bujumbura na akubali uzito kidogo kileleni, kwani petroli kuzidi humpotezea nguvu tu, ilhali kupungua humpotezea injini.

Kitu kingine kinachokauka kwa kusimama ni sili za krankishafti. Ya upande wa klachi ikichoka, injini huvuta oili ya gia: moshi haukomi, na kipimo cha oili ya gia hushuka pasipo tone sakafuni. Mara nyingi pampu husingiziwa kosa hilo, nayo hung'olewa bure. Ya upande wa sumaku ikichoka, huingiza hewa, na injini hupanda kasi yenyewe ikishapata joto. Ukiona dalili hiyo, zima na usiendeshe tena hadi sili ibadilishwe.

Iko kazi moja isiyofaa kufanyiwa nyumbani, nayo ni kuchonga silinda. Hapo nenda Buyenzi, mtaa wa Waswahili na wa gereji, kwa mwenye mashine na kipimo. Nunua pistoni kwanza, kwa sababu silinda huchongwa kulingana na pistoni iliyo mkononi, na nafasi kati yao huwa sehemu chache tu za mia za milimita. Pistoni za saizi za juu huongezeka kwa milimita 0.25. Mwombe fundi alainishe kingo za matundu ya ukutani baada ya kuchonga. Zikiachwa kali, ringi hunasa na kuvunjika. Wakati wa kufunga, mshale wa pistoni uelekee bomba la moshi, na ncha za ringi zikae kwenye pini zake.

Baada ya hapo, kilomita mia chache za kwanza zitembee kwenye tambarare: barabara ya Gatumba, au ile ya kando ya ziwa kuelekea Rumonge. Badilisha mwendo mara kwa mara, usiiache kasi moja kwa muda mrefu, usipakie mtu. Kila ukirudi nyumbani tazama rangi ya plagi na upime kiasi cha oili kilichotumika tangini. Oili isiposhuka kabisa, usitoke tena hadi ujue kwa nini.